Ofelia Hasemi Mbele ya Kamera

Jumatatu, 5 Machi 2012

Simu asubuhi, kahawa bado iko motoni. Binti wa makumbusho, jina lake Hanh, wazazi wake Wavietnam. Kihispania chake cha darasani — anaongea kama padri mgeni. Anasema wanakusanya masimulizi ya watu wa Halvorsen, kwa sauti zao wenyewe, wasije wakafa nayo. Nikamwambia, mwanangu, Halvorsen ilishakufa kabla yetu, pale siku hizi wanauza magodoro. Akacheka. Anajua. Anasema ilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kabisa kutengeneza chipu za kompyuta hapa bondeni. Wahandisi wamesharekodiwa mpaka wamekwisha. Sasa wanawatafuta wanawake wa ushonaji.

Ushonaji! Jina lile tulilitunga wenyewe. Uzi wa dhahabu, unywele unauzidi unene, unaubandika kwenye chipu huku jicho limeganda kwenye hadubini kutwa nzima. Nilidhani neno hilo nimebaki nalo mimi na Ofelia tu.

Nikasema nitakuja, ila na Ofelia. Bila yeye siji.

Maana sasa ni yeye ninayemwaza. Amekaa kushoto kwangu tangu siku ya kwanza kiwandani, na mpaka leo nyumba yake iko kushoto kwa yangu. Mimi shule niliipita kwa nje, nikienda kuchuma plamu. Herufi nilizijua kwa kutazama maboksi ya matunda, na Ofelia ndiye aliyenifundisha kuziunganisha, kwa kidole, mezani, wakati wa chakula. Nilimsimamia ubatizo mwanawe, Fito. Kwetu hilo limetufanya ndugu — komadre — na Fito ananiita Madrina, mama wa ubatizo. Na huyu mwanamke, aliyekuwa anaongea hata akipiga mswaki, tangu Anselmo wake afariki kabla ya Krismasi hajasema kitu. Si kwa mwanawe, si kwa daktari. Kwangu mimi, “mm”.

Fito anasema akili inamtoka. Anataka kumhamishia makao ya wazee, mji wa Sakramento.

Kama Ofelia ataongea kwenye hicho kinasa sauti, Fito atasikia kwa masikio yake kwamba mama yake bado yumo ndani. Ndiyo maana nakwenda. Makumbusho na yajisaidie yenyewe.

Jumatano, 7 Machi

Fito amekuja. Kakaa mbele ya mama yake, goti kwa goti, kama askari wa uhamiaji.

“Mama, leo siku gani? Mama, rais nani? Mama, mimi nani?”

Ofelia kamtazama, kisha kaitazama tai yake. Kimya.

Nikashindwa kujizuia. “Fito, wewe ukiulizwa ‘mimi nani’ na mtu uliyemnyonyesha, ungejibu?”

“Madrina, tafadhali. Hili halinifurahishi.”

Kweli halimfurahishi. Macho mekundu. Ana mke, ana watoto, ana kazi, na kila mwisho wa wiki yuko barabarani kuja huku. Si mtoto mbaya. Mikononi mwangu ndimo alimomwagiwa maji ya ubatizo, na akalia hadi padri akakosea maneno. Laiti ningekuwa namchukia, ingekuwa rahisi.

Chumba kimepatikana, karibu na kwake. Mwezi huu ukiisha atapewa mtu mwingine. Akanivuta pembeni. “Akisema kitu, chochote, hata anitukane, namwacha kwake na namtafutia mtu wa kumsaidia. Lakini mtu asiyeweza kuita akianguka, Madrina, nimwacheje peke yake?”

Nikamfungia kapirotada, ule mkate wa Kwaresima wa sukari guru na mdalasini, aende akale na wanawe. Amekonda.

Ijumaa, 9 Machi

Aibu tupu leo. Niandike niipumue.

Nilimvika Ofelia gauni la bluu la misa. Nikamchana, nikampaka rangi ya mdomo. Makumbusho wametupokea vizuri, chai, biskuti. Kisha chumba chenye taa kama jua la adhuhuri, kamera juu ya miguu mitatu, viti viwili vinatazamana. Hanh mwenyewe ni mdogo, ana uso wa kuomba radhi hata kabla ya kosa.

Nikaanza mimi. Nikasimulia jengo la kwanza lilivyokaa katikati ya miti ya plamu, jinsi tulivyoambiwa tukung'ute maua nywelani kabla ya kuingia, maana chembe moja tu inaua chipu. Mzee Halvorsen akija Ijumaa na donati, anatuita “wasichana” — mimi na watoto watatu nyumbani! Lakini kila nikishika kasi, Hanh ananiambia kwa upole, “Doña Eulalia, nitazame mimi.” Nikimtazama, maneno yanakauka. Nikishusha macho mezani, yanarudi. Nilidhani ni ile taa.

Ikaja zamu ya Ofelia.

Hanh kamwuliza taratibu. Kimya. Kamwuliza tena. Kimya. Ofelia kakodolea kamera kama kuku aliyeona nyoka. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasimama nyuma ya kamera nikapiga kelele: “Sema, Ofelia! Miaka yote umenitoboa masikio, leo umemeza ulimi? Sema kama mtu!”

Akafuta rangi ya mdomo kwa mgongo wa mkono. Akatazama mlango.

Hanh akazima taa. Njia nzima ya kurudi Ofelia alinishika mkono wa sweta. Mimi niliyemkaripia mbele ya wageni, ndiye anayenishikilia! Eulalia, wewe ni punda.

Jumapili, 11 Machi

Serikali imetuibia saa moja tena, saa zote zimesogezwa mbele, wanaita majira mapya. Misani watu wanapiga miayo.

Ofelia kasema “Amina”. Kwa kunong'ona, anatazama mbele. Au masikio yangu ndiyo yaliyotamani.

Jumanne, 13 Machi

Ameongea! Ameongea! Ameongea!

Ngoja nikae.

Hanh alikuja mwenyewe, bila taa, bila ile miguu mitatu. Kaleta machungwa. Kasema amekuja kutuomba radhi, Ijumaa alitubana. Nikamwambia aliyebana ni mimi, yeye aliwasha taa tu. Nilikuwa nachambua maharage ya jioni mezani, na jikoni kwangu mikono mitupu haikai. Nikammwagia fungu lake. Nikammwagia Ofelia lake, kushoto kwangu. Hanh akauliza kama anaweza kuweka kinasa sauti karibu na kopo la sukari. Weka, nikamwambia, kitasikia maharage yakigonga bakuli.

Tukachambua. Vichwa chini. Mawe huku, maharage kule.

Hanh akauliza, bila kuinua kichwa maana hajui kuchambua na anaogopa kutuvunja meno, kama kweli msimamizi wetu aliwahi kukataza watu kuongea. Nikaanza. Nikamsimulia Bata — msimamizi, tulimwita hivyo kwa mwendo wake — alivyosimama siku moja akatangaza kimya kiwanda kizima, eti kuna wageni wakubwa watakuja kukagua.

“Mwongo.”

Nilifikiri ni redio.

“Mwongo wewe, Eulalia. Wageni gani? Ilikuwa kwa sababu ya yule mjane wangu.”

Mwenyezi Mungu! Nikataka kugeuka. Akanizuia bila kunitazama: “Usigeuke. Utakata uzi.”

Ndivyo tulivyokuwa tunaambiana kazini. Ukiinua jicho kumtazama mwenzio, mkono unayumba, uzi unakatika, chipu linatupwa. Kwa hiyo tuliongea zamu nzima bila kutazamana. Nilizijua talaka, mimba, vifo vya watu ambao nyuso zao nilikuwa naziona mlangoni tu. Nikainamisha kichwa. Machozi yakadondokea maharage, ila yanapikwa kwa chumvi hata hivyo.

Na Ofelia akasimulia. Sauti inakwaruza kama mlango wa ghala, lakini ni yeye! Akasema alikuwa anatutungia hadithi ya mjane tajiri na waume zake, kila siku kipande, na Bata akaona tunacheka mno, akapiga marufuku.

“Wakaanza kusinzia,” akasema. “Huyu hapa alilala na jicho kwenye hadubini. Alikoroma.”

“Sikukoroma!”

“Ulikoroma, komadre. Nyuzi zikakatika kiwanda kizima. Siku ya tatu Bata kaja, kasimama nyuma yangu, anakohoa, anakohoa. Nikamwambia, una kifua? Akasema, ‘Ofelia, yule mume wa pili… alikufa kweli?’”

Hanh kacheka mpaka kamwaga fungu lake sakafuni. Tukaokota wote. Kisha kikaja kimya kizuri, cha jikoni, na Hanh akasema polepole, kichwa chini: mama yake naye alifanya kazi hii, baadaye, kampuni nyingine. Jioni akimwita mama yake, mama anampa ubavu. Anajibu akitazama sinki. “Nimekua nikidhani amenikasirikia.”

Ofelia akatupa jiwe. “Hakukukasirikia. Alikuwa anakusikiliza.”

Binti wa watu akachambua vibaya kweli, mawe na maharage pamoja. Nikamwacha.

Nikathubutu. Nikauliza, nikitazama bakuli: “Na wewe, Ofelia, mbona ulitunyamazia?”

“Tangu Anselmo afe kila mtu ananikalia usoni,” akasema. “Wananitazama kama maziwa motoni, wanangoja nifurike. Nikifungua mdomo nawaona nyuso zao — neno linarudi tumboni.”

Yote yameingia kwenye kile kidude. Maharage leo nimeyala na mawe mawili. Matamu!

Jumatano, 14 Machi

Nimelala kama mtoto. Nimeamka nikiimba. Jirani wa kulia kagonga ukuta. Nikaimba zaidi.

Jumamosi, 17 Machi

Hanh alileta diski. Fito kaja, nikamkalisha kwangu, nikambandika vile vidude vya kusikilizia masikioni. Nikajifanya naosha vyombo.

Kacheka kwenye Bata. Kacheka vile baba yake alivyokuwa anacheka, kwa mabega. Kisha akaacha. Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mtu mzima, nywele zinamwondoka, analia jikoni kwangu kama yule wa ubatizo.

“Yumo,” akasema. “Madrina, yumo.”

“Nilikwambia.”

“Anamsimulia mgeni. Mimi mwanawe hata neno?”

Kabla sijamjibu keshatoka mbio, kaingia kwa mama yake. Nikamfuata, viatu sina. Kampigia magoti mbele yake, kamshika uso kwa mikono miwili: “Mama! Nimekusikia! Sema nami!”

Unajua kilichotokea. Ofelia kajifunga kama kombe la baharini.

Nikamwambia, usimtazame, kaa ubavuni, mpe kazi mikononi. Kanigeukia kwa hasira: “Nisimtazame mama yangu?” Kisha chini, kwa huzuni zaidi kuliko hasira: “Haya, kwenu ilibakia hivyo kutoka kiwandani. Lakini akianguka bafuni, nitammwagia maharage kwenye simu?”

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na yeye kidogo. Lakini ana haki. Kuongea na mimi si kuongea na yeye.

Ameomba twende Jumamosi ijayo kukiona hicho chumba. Kukiona tu, anasema. Nimesema nakwenda nao, nikae kiti cha nyuma kama mzigo.

Hata hivyo, moyo wangu si ule wa wiki iliyopita. Kitu kizito kimetoka. Wakimchukua, watamchukua mtu mzima, si gunia. Najua mimi na anajua Fito.

Jumatatu, 19 Machi

Sikukuu ya Yosefu Mtakatifu. Tulikuwa tunaanika shuka, yeye upande wake na mimi wangu, shuka katikati. Nikasikia nyuma ya shuka: “Nitakwenda kukitazama. Nikikataa bila kukiona, Fito ataniona mtoto.”

“Na ukikiona?”

“Nitakikataa nikiwa nimekiona.”

Nikaing'ata shuka nisicheke. Inanuka sabuni.

Fito alipopiga simu jioni nikampelekea Ofelia sikioni. Kapumua tu. Fito akasema “Mama? Mama?” Yaani hata kwenye simu anamkodolea macho.

Jumamosi, 24 Machi

Naandika mgahawani, Vacaville, pembeni mwa barabara kuu. Daftari lilikuwa kwenye pochi, namshukuru Mungu, maana nisipoandika nitapiga yowe na watu watanitoa nje.

Tulitoka asubuhi, mvua. Fito kwenye usukani, mama yake kando yake, mimi nyuma na kapu la chapati za mahindi na mayai, ni Kwaresima. Mpaka Fremont ni vifuta vioo tu, fwap, fwap. Fito kanirushia simu yake nimshikie, inamsumbua kuangalia njia.

Tumevuka daraja la Benicia. Ofelia, anatazama mbele:

“Punguza mwendo. Baba yako naye aliendesha hivihivi, kama amekalia kaa la moto.”

Fito alianza kugeuka. Gari likayumba! Nikampiga kiti kwa nyuma: “Macho barabarani!”

Akatii. Niliona shingo yake tu, imekakamaa, na masikio yamekuwa mekundu.

“Nilikuwa namwambia kila siku,” Ofelia akaendelea. “Na asubuhi ile ya mwisho sikumwambia. Aliomba yai. Nikasema subiri nimalize vyombo. Nilimaliza vyombo.”

Hili mimi sikulijua. Mimi, jirani wa ukuta mmoja! Nikatazama mvua.

Sauti ya Fito ilipokuja ilikuwa ndogo. “Alinipigia mimi asubuhi hiyo, Mama. Alisema unaosha vyombo na unaimba. Alikuwa amefurahi.”

“Niliimba?”

“Kasema unaimba vibaya.”

Ofelia akatoa kitu, nikadhani kilio. Kicheko. Au vyote.

Vifuta vioo. Malori. Fito, anatazama mbele, mikono miwili kwenye usukani kama anajifunza leo: “Ukianguka, Mama, utaita?”

“Nimwite nani? Ukuta?”

“Mimi.”

“Wewe ukija unanikagua. Leo siku gani, rais nani. Leo Jumamosi. Rais namjua, nilimpigia kura.”

“Basi sitakukagua.”

“Na hiyo tai.”

“Nitavua tai.”

Nikaziba mdomo kwa kitambaa cha chapati.

Fito akaingia hapa, eti kahawa. Akazima gari. Hakuna aliyefungua mlango. Nikaona pale nyuma nimekuwa mwiba, nikasema nimebanwa mkojo, na ni kweli, nikatoka na pochi na mvua yote kichwani.

Sasa niko dirishani, nawaona. Mbele ya gari lao hakuna kitu cha kutazama, ukuta wa mgahawa na pipa la taka. Wanaukodolea ukuta kama sinema. Mdomo wa Ofelia unakwenda. Unasimama, wa Fito unakwenda. Tai iko juu ya dashibodi. Sijui wanaongea nini. Sijui kama tukitoka hapa gari litageuka kulia au kushoto, Sakramento au nyumbani. Ningependa kujua! Nimeshainuka kwenye kiti mara mbili na mara mbili nimekaa.

Makao walitutarajia saa sita. Imepita. Simu ya Fito inalia hapa mezani, na ni wao, jina naliona. Imeacha. Inalia tena. Msichana wa mgahawa kaja na birika la kahawa, kaniuliza kama kuna wengine wanaokuja kula, na kama sitaki kupokea hiyo simu, bibi, pengine ni muhimu.

Nikaifunika kwa kitambaa. Nikamwambia, iache ilie, mwanangu. Kuna mtu anaongea.